Dirisha Lililotoka kwenye Tangi la Kambakochi

Nitasema ukweli mapema tusipotezeane muda: lile dirisha nililiharibu mimi. Si muuza plastiki, si baridi, si Ngaire. Ni mimi, Murray Hext, fundi wa boti kwa miaka thelathini na mitano, niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na minne kwa sababu mwalimu alinichosha na mimi nikamchosha.

Boti yenyewe ni Corella, boti ya tanga ya Bi Glenys Tatnell, urefu mita kumi. Huku kwetu kandokando ya Mto Huon hakuna asiyeijua, maana kwa miaka arobaini mumewe, Rex, aliiendesha kwa makelele ya kusikika ng'ambo. Rex alishika usukani, Glenys akapika. Kila mwaka kwenye mbio za boti za Machi za kuzunguka kisiwa kilicho mbele ya mdomo wa mto, mama wa watu yuko chini jikoni anapambana na sufuria, Rex yuko juu anatukana upepo. Mwaka huu Rex kawekewa nyonga ya chuma na daktari kamkataza kusimama muda mrefu. Glenys akamwambia pale kwenye kilabu cha boti, watu wote wanasikia, "Basi utapika wewe." Watu wakacheka, Rex akacheka kidogo kuliko wengine, na Glenys, mwenye miaka sabini na moja, akachukua fomu ya mbio na kuandika jina lake mahali pa nahodha. Hakuwahi kuliandika hapo maishani kabla ya siku hiyo.

Ulibaki ukaguzi wa usalama tu. Mkaguzi asipotia sahihi Ijumaa, Jumamosi boti haianzi. Na Corella ilikuwa na kasoro moja ambayo hata kipofu angeiona: dirisha kubwa la sitaha, lile la mbele juu ya vitanda, karibu na jiko. Kioo chake ni cha plastiki, na plastiki ikikaa juani miaka ishirini na tano inafanya kama tope la bwawa lililokauka. Nyufa ndogo ndogo, nyembamba kama nywele, zimejaa kila mahali. Ukilala chini ukatazama juu huoni mlingoti, unaona ukungu. Mawimbi yakipanda mbele maji yanapenya, na mtu akikanyaga hapo kwa bahati mbaya mguu unaweza kwenda mpaka kitandani.

Kazi hiyo naijua usingizini. Unatoa kioo cha zamani, unakwangua gundi ya zamani mpaka fremu ing'ae, unakata plastiki mpya, unaitandikia gundi ya silikoni, unaiweka, unaiacha. Jumatatu nilitoa. Jumanne asubuhi nikakata plastiki mpya, mililita kumi na mbili—samahani, milimita kumi na mbili, mke wangu anasema nirekebishe—niliyoletewa kutoka mji wa Hobart. Ikakaa kwenye fremu kama mguu kwenye soksi.

Hapo ndipo Ngaire alipopita na ndoo yake ya rangi. Ngaire ndiye mpaka rangi wa karakana yetu, mwanamke wa New Zealand, mfupi, mikono kama ya mvuta nanga, na mdomo usiojua likizo.

"Mzee, ukingo huo umekatwa na msumeno au umetafunwa na panya?"

"Ukingo unaingia ndani ya gundi. Nani atauona?"

"Mungu," akasema. "Na mimi. Kwetu hata fundi mwanafunzi hawezi kuacha ukingo hivyo."

"Kwenu hata kondoo ni fundi."

Akaenda zake anacheka. Mimi nikabaki nautazama ule ukingo. Kweli ulikuwa mbaya. Nilipaswa kuupiga msasa dakika kumi na yakaisha. Badala yake nikachukua mtungi mdogo wa gesi, nikawasha moto wa buluu, nikaupitisha ukingoni taratibu. Ukipitisha moto kwenye plastiki ile, ukingo unayeyuka kidogo tu kwa juu na kung'aa kama pipi iliyolambwa. Nikauzungusha wote. Uling'aa mpaka nikajipenda. Kisha, kwa kuwa silikoni haishiki kwenye mafuta ya vidole, nikachovya kitambaa kwenye spiriti nikaufuta.

Nikaenda kunywa chai.

Kama wewe si mtu wa kazi hii, nikwambie nilichofanya. Moto unaiachia plastiki mkazo ndani yake, kama msuli uliobanwa. Spiriti ikigusa msuli huo, unaachia ghafla na plastiki inapasuka. Kila kimoja peke yake unaweza kusamehewa. Vyote viwili ndani ya robo saa, hapana. Nilijua hilo tangu nikiwa kijana, na nimewafokea watu wengine kwa hilo.

Niliporudi na kikombe changu, nyufa zilikuwa zimetoka kwenye ukingo pande zote nne na zinatambaa kuelekea katikati. Kioo kipya kabisa, sura ya kile cha zamani. Nilichofanikiwa ni kufanya kwa dakika ishirini kazi ambayo jua lilifanya kwa miaka ishirini na tano.

Nikampigia simu muuza plastiki wa Hobart. Nilianza kwa ukali, maana ndivyo mtu mwenye kosa anavyoanza.

"Umeniuzia takataka," nikamwambia. "Imepasuka hata sijaifunga."

"Pole, kaka. Imepasuka wapi?"

"Ukingoni."

"Ukingo uliuchoma kwa moto?"

Nikausukuma mtungi wa gesi chini ya meza kwa mguu.

"Halafu ukaufuta kwa spiriti?"

Nikaifunika chupa ya spiriti. Nilimsikia akihema kwa upole, kama daktari anayetazama picha ya mfupa.

"Nyingine nene kama hiyo inakuja Jumatatu na meli ya Melbourne," akasema. "Nikuwekee?"

Jumatatu. Mbio ni Jumamosi. Nikamwambia aweke, nikakata simu, nikakaa juu ya ndoo.

Ngaire alikuwa amesikia yote. Nilitegemea dhihaka. Alikitazama kile kioo, akapitisha kidole juu ya nyufa, akasema, "Utamwambia nani kwanza, Glenys au mkeo?"

"Nilikuwa nafikiria kumwambia Glenys kwamba plastiki ilikuja mbovu."

"Mwambie. Mimi nitakuwa nyuma yako nacheka."

Glenys alifika saa sita na pai tatu za kombe wa baharini zenye mchuzi wa bizari, bado moto ndani ya karatasi. Alikuwa amevaa koti jipya la mvua, jekundu, lebo ikiwa bado inaning'inia kwenye mkono. Kalinunua kwa ajili ya Jumamosi. Nikamwonyesha kioo.

"Nimekiharibu," nikasema. "Nilitaka king'ae. Kingine hakiji mpaka Jumatatu."

Aliweka pai juu ya meza ya kazi, moja moja, kwa mstari.

"Murray, kuna siku nilipika supu ya mbaazi baharini maji yanadondoka kutoka kwenye dirisha hilohilo yananiingia kwenye kola," akasema. "Nikamwita Rex aje aone. Akaniambia yeye anaendesha boti, hana nafasi. Miaka mingapi ile? Kumi na minane. Nikamwambia moyoni, siku yangu itakuja. Sasa Rex amekwisha kununua aproni. Ina picha ya kambakochi. Unataka nimwambie avue?"

"Sitaki."

"Basi nitafutie dirisha."

"Naweza kupigilia ubao pale."

"Mkaguzi ni Athol Pybus. Atakubali ubao?"

Sote watatu tulijua jibu. Sheria ya mbio inataka dirisha ambalo mtu anaweza kulifungua na kutokea moto ukiwaka, na Athol akisoma sheria anaisoma na nukta zake.

Tukala pai. Ngaire ndiye aliyesema, mdomo umejaa.

"Voula ana plastiki nene."

"Voula yupi?"

"Unajua Voula yupi."

Nilijua. Voula Kanellos, mwenye duka la samaki na chipsi pale gatini. Nyuma ya duka lake kuna tangi kuukuu la kuwekea kambakochi hai, limevuja miaka minne iliyopita, sasa kapanda kotimiri na nyanya ndani. Kuta zake ni za plastiki ileile, unene uleule, maana maji ya kambakochi ni mazito. Tatizo halikuwa plastiki. Tatizo ni kwamba miaka miwili iliyopita, siku ya sikukuu, foleni imefika barabarani, nilionja chipsi za Voula nikasema kwa sauti yangu hii niliyopewa kwamba mafuta yake yana umri mkubwa kuliko ndoa yake. Toka siku hiyo hanihudumii. Nikitaka samaki naendesha gari nusu saa.

"Niende mimi?" Glenys akauliza.

"Hapana," nikasema. "Ukienda wewe atakupa, halafu akijua ni la kazi yangu atakuja kulichukua na shoka."

Jumatano nikaenda. Nilichagua saa nne nikidhani duka litakuwa tupu. Halikuwa tupu. Mabaharia wa mbio walikuwa wameanza kufika, watu wanane kwenye foleni. Voula aliniona mlangoni kabla sijafuta viatu.

"Wewe! Duka la nusu saa limefungwa leo?"

"Nimekuja kuomba kitu, Voula."

"Sisikii. Nina mafuta ya zamani masikioni."

Watu wakageuka. Nikaona hakuna njia ya kupita pembeni.

"Nahitaji ukuta mmoja wa tangi lako la kambakochi. Nimeharibu dirisha la Glenys Tatnell na Jumamosi anaendesha boti yake mwenyewe."

Hapo akaacha kukaanga. Akapangusa mikono. "Glenys anaendesha? Rex je?"

"Rex anapika."

"Rex anapika!" Voula akacheka mpaka akashika kaunta. Halafu akakumbuka kwamba ananichukia, akakunja uso. "Utalipata. Lakini sema kwanza. Sema hapa, mbele ya watu, kama ulivyosema mbele ya watu."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Mimi kusema uongo kuhusu chakula siwezi, na yeye alilijua hilo. Nikamwambia, "Mafuta siku ile yalikuwa mabaya."

Foleni nzima ikavuta pumzi. Mtu mmoja wa mbele akasogea kando.

"Lakini," nikaendelea, "ulikuwa peke yako na watu sitini, mashine moja imekufa, na mimi badala ya kuingia nyuma kukusaidia nilisimama kukuaibisha. Nilikosa. Kwa hilo naomba radhi. Na nimekula chipsi za watu wengine miaka miwili, zote ni mbaya kuliko zako za siku ile."

Voula akakunja mikono. "Nusu ya maneno hayo ni matusi," akasema.

"Ndiyo nusu niliyozoea."

Mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Mpe, dada, tunataka kula." Voula akavua funguo kiunoni akanirushia. "Kotimiri yangu usiitupe. Ihamishie kwenye sinki."

Niliihamisha, pamoja na nyanya na konokono. Ukuta mmoja wa lile tangi ulinitosha na kubaki. Ulikuwa umekwaruzwa na miguu ya kambakochi wa miaka kumi, lakini mikwaruzo si nyufa. Nikaukata kwa msumeno wa umeme, polepole ili usichemke, na karakana yote ikanuka kama supu ya jana. Paka wa mlinzi akaja akakaa mlangoni. Ukingo nikaupiga msasa kwa mkono. Uso nikauanza kwa msasa mkali kidogo, kisha laini, kisha laini zaidi, kila mara na maji, saa tatu nzima, mpaka Ngaire akaweka gazeti chini yake akasoma matokeo ya kriketi bila kufinya macho. Nikaosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu. Ile chupa ya spiriti Ngaire alikuwa amekwisha kuificha.

Jambo la mwisho ni gundi. Asiyejua huibana silikoni chini ya uzito mpaka yote inatoka pembeni, anabaki na utando usiozuia hata jasho. Unatakiwa kuweka vipande vidogo vya mpira kwenye pembe ili kioo kielee juu ya gundi, kipate nafasi ya kujinyoosha jua likipiga. Nikaviweka. Tukakishusha, mimi upande huu na Ngaire upande ule, kama watu wanaomlaza mtoto. Jumatano saa kumi na moja jioni.

Silikoni hukauka kwa unyevu na joto, na Machi yetu ina unyevu, joto haina. Kwa hali ile ingetaka siku tano. Sisi tulikuwa na siku mbili. Basi tukafunga turubai juu ya dirisha, tukaingiza hita ya chumba cha rangi ndani ya boti, na juu ya jiko la Glenys tukaweka birika lichemke bila kifuniko. Alhamisi nzima Corella ilitoa mvuke kama sufuria ya maharage. Wapita njia waliuliza kama tunampika Rex. Kila baada ya muda mimi au Glenys tulizama ndani kujaza birika, tukatoka wekundu. Ijumaa asubuhi nikabonyeza gundi kwa ukucha nione kama bado inanata na kunishika kidole. Haikushika. Nikabonyeza pembe nyingine. Haikushika.

Athol Pybus alikuja saa tisa alasiri, bila kupungua wala kuzidi. Mtu mrefu, mkavu, kofia imebanwa na kamba chini ya kidevu. Alikagua fulana za kuokolea, fataki za dharura, pampu, nanga. Kisha akafika kwenye dirisha, akaligongagonga.

"Nani kalifunga?"

"Mimi."

"Lala chini."

Hiyo ni desturi ya karakana zetu na Athol hawezi kuiacha. Aliyefunga dirisha analala chini yake chali, gazeti kavu kifuani, na wenzake wanalipiga kwa bomba la zimamoto dakika tatu. Gazeti likilowa, dirisha limeanguka mtihani. Nikalala. Ngaire akashika bomba, na nina hakika aliliomba. Pampu yetu inavuta maji pale gatini, na mto hapo umekwisha kuwa bahari.

Maji yakaanguka. Juu yangu niliona povu jeupe likikimbia, na nyuma yake, wazi kabisa, mlingoti mpaka kileleni. Glenys alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono katikati ya magoti, koti jekundu limefungwa mpaka shingoni. Dakika moja. Mbili. Nikaanza kufikiria chakula cha jioni.

Tone likaanguka. Tap, katikati ya gazeti.

"Simamisha!" Athol akapiga kelele. Bomba likazimwa. Alichungulia kutoka kwenye ngazi, akaona doa, akatoa kalamu. "Linavuja, Murray. Pole sana, Bi Glenys."

Sura ya Glenys sikuitazama. Nilitazama juu. Gundi ilikuwa kavu pande zote. Lakini kwenye fremu ya bati, na kwenye dari, na kwenye kila skrubu, kulikuwa na shanga za maji. Tone jingine likanipiga shavuni likateremka mdomoni. Nikaramba.

"Athol," nikasema. "Halina chumvi."

"Nini?"

"Bomba linatoa maji ya bahari. Hili halina chumvi. Hili ni la birika."

"Birika gani?"

Glenys akamweleza, haraka, kuhusu siku mbili za mvuke. Mvuke wetu ulikuwa umejaa humo ndani, na maji baridi ya bomba yalipopiga fremu kwa juu, ukageuka kuwa matone kwa chini.

Athol alifikiri. "Wewe ni fundi aliyelifunga," akasema. "Ulimi wako una maslahi."

"Basi leta wako."

Niliyasema kwa hasira, sikutegemea afanye kweli. Lakini Athol ni mtu wa haki hata pale isipopendeza. Alivua kofia, akavua miwani akaiweka mfukoni, akapanda kitandani kwa magoti yake ya miaka sitini na sita, akalala chali kando yangu, bega kwa bega.

"Ngaire," akaita. "Fungua tena. Dakika tatu kamili."

Maji yakarudi. Tukalala pale wanaume wawili wazima, vinywa wazi kama vifaranga, tukitazama dari. Glenys alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Tone likaning'inia kwenye fremu, likanenepa, likasita. Athol akasogeza kichwa kidogo kushoto. Likaanguka, likampata.

Alilizungusha mdomoni kama mtu anayeonja divai. Maji ya bomba yaliendelea kunguruma. Akasubiri la pili. Nalo akalionja. Akalala pale mpaka dakika tatu zilipokwisha.

"Maji yasiyo na chumvi," akasema. "Yana ladha ya birika." Akaketi, akapapasa gundi yote kwa kidole mpaka kwenye pembe, akakuta kavu. Akanusa. "Kwa nini dirisha hili linanuka kambakochi?"

"Fomu yako ina swali la harufu?" Glenys akauliza.

Athol akatafuta kwenye fomu, kweli akatafuta, ukurasa wa mbele na wa nyuma. "Haina," akasema, akatia sahihi.

Jumamosi upepo ulikuwa wa kusini-magharibi, baridi, mzuri. Nilisimama gatini na Ngaire, na Voula alikuwa amefunga duka nusu saa aje kuona. Boti ishirini na mbili zilikuwa zinazunguka nyuma ya mstari zikisubiri mlio wa bastola ya kuanzia. Moja kubwa, nyeusi, ya matajiri wa Hobart, ikaja ikiibana Corella kwenye boya, ikidhani mama huyo ataogopa. Koti jekundu halikusogea. Tulisikia sauti ikivuka maji, si ya Rex.

"Mimi nina haki ya njia! Sogea, kijana, au nikutoboe!"

Ile nyeusi ikasogea. Bastola ikalia, na Corella ikavuka mstari ikiwa ya tatu, Glenys amesimama miguu imeachana, mikono yote miwili kwenye usukani.